Kifaa kimoja kwa mzee aliyepona TB na mtoto mwenye Duchenne? Usinunue kwanza

Dada mmoja wa Tandahimba kaniandikia, nafupisha: "Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 63, aliugua TB akameza dawa miezi sita akapona, na miaka mingi alikuwa anapuliza salfa kwenye mikorosho. Saivi akitoka ndani mpaka chooni pumzi inakata. Hapohapo nyumbani tuna mtoto wa dada yangu, miaka 13, alipimwa Dar wakasema ni Duchenne, ule ugonjwa wa kudhoofika misuli, mwaka jana kaacha kutembea na sasa hata kikohozi chake hakina nguvu. Nimeona mtandaoni kuna kifaa cha mipira mitatu, wanasema kinaimarisha misuli ya kupumua. Nikinunua kimoja wanaweza kutumia wote wawili?"

Marahaba dada yangu, na poleni sana, kuuguza watu wawili nyumba moja sio kazi ndogo. Mi sio dokta wa vidonge, ni mtu wa fiziotherapia hapa Mtwara mjini, wale ambao watu wanatuita madokta wa mazoezi, na swali lako nimelisoma mara mbili mbili maana ni swali zuri kuliko unavyodhani. Jibu la haraka ni hapana, usinunue kile, na hata ukinunua kingine wasitumie kimoja wote wawili. Sasa nikueleze kwa nini, maana nikikuambia hapana tu nikaishia hapo nitakuwa sijakusaidia.

Tuanze na kupumua kwenyewe. Kuna msuli mpana umetandaa kati ya kifua na tumbo, kwenye vitabu unaitwa kiwambo, umbo lake likae kichwani kama kawa lile tunalofunikia chakula. Ukivuta pumzi lile kawa linajikaza linashuka chini, kifua kinapata nafasi, hewa inaingia. Ukitulia linarudi juu lenyewe, hewa inatoka bila kutumia nguvu yoyote. Misuli ya katikati ya mbavu inasaidia, ya shingo inasaidia pale mambo yakiwa magumu, na misuli ya tumbo kazi yake kubwa ni kukohoa na kupuliza kwa nguvu. Yote hiyo ni misuli kama ya mkono wa mtu anayelima, ukiipa kazi iliyopimwa inakomaa, ukiiacha inalegea, na ukiizidishia wakati ina ugonjwa ndani yake unaiumiza. Wamarekani wawili, Leith na Bradley, mwaka 1976 walionyesha jambo hilo kwa watu wazima wenye afya, waliofundishwa kuvuta kwa nguvu wakapata nguvu, waliofundishwa kupumua kwa muda mrefu wakapata ustahimilivu, yaani kila mmoja alipata kile alichokifanyia mazoezi. Kwa hiyo kabla hujamfundisha mtu lazima ujue unamfundisha nini na kwa ajili ya nini.

Sasa kile kifaa cha mipira mitatu. Nakijua vizuri, ni kile cha plastiki chenye vyumba vitatu, ukivuta kwa mdomo mpira wa kwanza unapanda hewa ikipita kwa kasi ya mililita 600 kwa sekunde, wa pili 900, wa tatu 1200. Kina kazi yake, mgonjwa aliyetoka kupasuliwa tumbo au kifua anapewa ili avute pumzi ndefu mapafu yafunguke, lakini kinapima KASI ya hewa, hakipimi UZITO ambao msuli unaubeba. Mtu akivuta fupi kwa ghafla mipira yote mitatu inaruka, watu wanashangilia, na msuli haujafanya kazi ya maana. Na wengi nimewakuta wanakipuliza badala ya kuvuta, mwezi mzima.

Kifaa chenyewe cha kufundishia misuli ya kuvuta ni kingine kabisa. Kina springi ndani na kimlango, ukivuta kidogo kinakataa, hewa haipiti mpaka ufikishe nguvu uliyoiweka, na nguvu hiyo inahesabiwa kwa sentimita za maji. Ukitaka kuelewa sentimita za maji fikiria unakunywa dafu kwa mrija, ule mvuto wa kuyapandisha maji sentimita 20 mpaka yafike mdomoni ndo huohuo. Mwanaume mzima mwenye afya njema anaweza kufika 100 hivi akivuta kwa nguvu zake zote. Akiwa chini ya 60 tunaanza kusema huyu misuli yake imelegea, huyu kifaa kinaweza kumsaidia.

Mzee wetu sasa.

Kabla ya zoezi lolote, mzee apimwe makohozi upya. Nasisitiza sana hapa maana nimeona familia nyingi zinasema "alishapona" wakati TB imerudi, na mtu mwenye TB inayowaka hafundishwi misuli, anatibiwa kwanza. Kipimo cha makohozi cha GeneXpert kipo hospitali kubwa za mkoa na huduma ya TB hailipiwi. Kama anakohoa damu, anakonda, anatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa, usisubiri hata wiki. Apigwe eksirei pia, maana TB inaacha makovu, inaacha mashimo, njia za hewa zinapanuka na kukaa na makohozi, na mwenye mashimo makubwa au aliyewahi kutoboka pafu hatakiwi kabisa kuvuta dhidi ya springi. Aliyetoboka ngoma ya sikio hivyohivyo, na mwenye moyo ulioshindwa aonane na daktari wa moyo kwanza.

Halafu kuna hiyo habari ya salfa. Wazee wetu huku walipuliza salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa mikorosho wa ubwiri unga miaka na miaka, alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani, mashine mgongoni na kitambaa cha kanga puani, na vumbi lile linachoma njia za hewa. Siwezi kukuambia kwa barua kwamba salfa ndo imemfikisha hapo, kipimo cha spirometa ndo kitaonyesha kama njia za hewa zimebana. Kama zimebana, yaani yuko upande wa COPD, ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, dawa ya kuvuta itafanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote. Ila msimu ujao asikanyage shambani siku za kupuliza, apulize mtu mwingine, na jiko la kuni lihame alipolala.

Mtu ambaye njia zake zimebana hewa inaingia lakini kutoka inachelewa, kabla haijaisha anavuta tena, mapafu yanajaa kama gunia la korosho lililoshindiliwa. Sasa lile kawa linasukumwa chini mpaka linakuwa bapa kama ungo. Kawa linaweza kushuka, ungo umeshafika chini utashuka wapi tena? Ndo maana unamuona mzee anavuta kwa shingo na mabega. Kwa hiyo zoezi lake la kwanza ni la kutoa, halafu ndo kuvuta. Mwambie avute kwa pua akihesabu moja, mbili, kisha atoe polepole midomo ikiwa imekunjwa kama anapoza uji wa moto, akihesabu mpaka nne. Asisukume, aachie tu itoke. Akienda chooni afanye hivyo akitembea, hatua mbili anavuta, hatua nne anatoa. Pumzi ikikata asilale chali, akae barazani ainame mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, mabega yapumzike. Hilo litamtuliza.

La pili ni kutembea, na hapa ndo naomba unisikilize kuliko kwenye kifaa. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotoka 2023 kwa watu wenye COPD ulionyesha kwamba kifaa peke yake ni bora kuliko kukaa bila kufanya kitu, lakini ukikiongeza juu ya programu kamili ya mazoezi ya mwili, faida ya ziada ni ndogo au haionekani. Maana yake hela yako ya kwanza isiende kwenye plastiki. Kama shamba lenu limepandwa kwa nafasi ile ya mita 12, mnayo barabara ya kupimia tayari. Weka saa ya simu dakika 6, mzee atembee kati ya mistari ya mikorosho, mti mpaka mti ni mita 12, akichoka asimame apumzike saa ikiendelea, mwisho hesabu miti mara 12. Siku ya kwanza akipata miti 15 hizo ni mita 180. Andika kwenye daftari. Atembee siku tano kwa wiki, aanze hata na dakika 5 mara mbili kwa siku, kila wiki aongeze dakika moja au mbili, mchanga wa huko Makonde unachosha miguu kwa hiyo atafute njia iliyoshikamana. Kipimo cha ugumu ni mazungumzo, akiweza kuongea sentensi fupi yuko sawa, akishindwa kutaja hata jina lake amezidisha. Aongeze kuinuka na kukaa kwenye kiti mara 10 bila kujishika, maana miguu dhaifu nayo inakula pumzi.

Makohozi yasiachwe. Kuna kifaa cha bei ya chupa tu. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia maji kimo cha sentimita 10, ingiza mpira laini msafi wenye tundu kama la kidole kidogo mpaka karibu na kitako, mdomo wa chupa ubaki wazi kidogo hewa ipite. Avute kwa pua, apulize polepole kwenye mpira mpaka maji yachemke mapovu, mara 10, kisha apige "haa" kama anatia ukungu kwenye kioo, atoe makohozi, arudie. Asivute kwa mpira, maji yataingia mdomoni. Maji yabadilishwe kila siku, mpira uoshwe kwa sabuni uanikwe. Hiyo haijengi nguvu ya msuli, usichanganye, inafungua njia na kulegeza makohozi tu, lakini kwa mtu aliyeachiwa makovu na TB ni msaada mkubwa mno.

Baada ya hapo, kama tukimpima tukakuta misuli ya kuvuta imelegea kweli, ndo tunaleta kile cha springi. Dozi yake ikoje? Tuseme anafika 50, tunaanza na asilimia 30, yaani sentimita 15 za maji. Pumzi 30 asubuhi, pumzi 30 jioni, pua imebanwa, anavuta kwa nguvu na haraka mpaka kifua kijae halafu anatoa taratibu. Akishindwa kumaliza 30 agawe kumi kumi. Kila wiki tunapandisha kidogo ili abaki anahisi kazi nzito ya wastani, na inachukua wiki 6 mpaka 8 kuona tofauti. Akiacha nguvu inaondoka polepole kama ilivyokuja, na hilo umwambie tangu mwanzo. Akisikia kizunguzungu anapumua haraka mno, aache kwanza apumzike. Akisikia maumivu ya kifua ya kuchoma ghafla, kifaa chini na hospitali siku hiyohiyo.

Sasa mtoto. Hapa naandika taratibu kidogo.

Kwa mzee misuli yenyewe haina ugonjwa, imebebeshwa mzigo mbaya na imekaa vibaya. Kwa kijana wetu ugonjwa uko ndani ya msuli. Duchenne ni kwamba mwili hautengenezi proteni inayoitwa distrofini, ambayo kazi yake ni kulinda nyuzi za msuli zisichanike zinapojikaza, kwa hiyo kila kazi nzito inaacha jeraha na jeraha halipati fundi wa kutosha. Nilipoanza kazi hii niliwahi kumfundisha kijana wa namna hii nikimwambia "vuta, vuta, ongeza", nikiamini juhudi ni juhudi, na kesho yake mama yake akanieleza kwamba mtoto ameshindwa kukaa wima mpaka jioni na chakula kimemshinda kwa uchovu. Lile neno sijalisahau. Tangu siku hiyo kwa watoto hawa naanza na swali la jana ulilalaje, ndo tunagusa zoezi.

Tafiti zinasemaje? Uchambuzi wa 2019 ulikusanya tafiti 11 zenye watu 250 wa magonjwa ya misuli na mishipa ya fahamu, wakiwemo wa Duchenne na wa ALS, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, na jawabu lake ni kwamba mazoezi ya misuli ya pumzi huenda yakaongeza kidogo nguvu na ujazo wa pumzi, lakini ushahidi ni dhaifu na haikuonekana wazi kama maisha ya kila siku yanabadilika. Kwa hiyo sikufungii mlango. Mtoto ambaye bado ana pumzi ya kutosha anaweza kufanya mazoezi mepesi chini ya uangalizi, mzigo mdogo, na siku akiamka amechoka anapumzika bila kuulizwa. Ila ikishafika hatua ambayo pumzi imepungua sana na kaboni dioksaidi, ile hewa chafu ya kutoa, inabaki mwilini, kumbebesha springi ni kumuongezea mzigo mtu ambaye tayari anabeba usiku na mchana.

Umesema kikohozi hakina nguvu. Hilo ndo neno lililonifanya nijibu haraka, maana watoto hawa mara nyingi wanaangushwa na mafua yaliyoshuka kifuani wakashindwa kuyakohoa. Kikohozi kinapimwa, anakohoa ndani ya kile kibomba cha pikflo kinachotumika kwa wenye pumu. Chini ya lita 270 kwa dakika maana yake akipata mafua atahitaji kusaidiwa kukohoa, chini ya 160 kikohozi hakitoi kitu. Kwa hiyo yeye tunamtafutia akiba ya pumzi. Mfundishe hivi: avute pumzi, aishike, aongeze fundo jingine juu yake, aishike, aongeze tena, kama mtu anayekunywa maji fundo kwa fundo bila kumeza, mpaka kifua kijae, kisha aachie au akohoe. Mara 3 mpaka 5, asubuhi na jioni, na sio baada ya kula. Nguvu yake ikishindwa, kuna mfuko wa kusukumia hewa, ule wa ambu, unaofungwa kimlango kisichorudisha hewa, wewe unaminya kwa mpangilio wa pumzi yake mpaka kifua kijae, na pale anapokohoa mwenzako anasukuma tumbo kwa viganja viwili kwenda ndani na juu kwa wakati uleule. Huo msije mkajifundisha kwa video, mje tuwafundishe kwa mikono, maana ukiminya vibaya hewa inaenda tumboni au unamuumiza.

Na uniangalizie usiku wake. Anaamka na kichwa kinauma? Analala darasani? Anaota ndoto za kukabwa, anaomba kugeuzwa mara nyingi, hamu ya chai asubuhi hana? Akilala chali tumbo linaingia ndani wakati anavuta badala ya kutoka nje? Hizo ni dalili kwamba kiwambo kinashindwa usingizini, na tiba yake ni mashine ya kumsaidia kupumua kwa barakoa usiku. Ukipata kile kidude cha kubana kidole, oksijeni ikishuka chini ya 95 wakati ana mafua msimuache nyumbani. Na huko hospitali mseme mapema kwamba ana Duchenne, maana akiwekewa oksijeni peke yake namba inapanda vizuri na kaboni dioksaidi inaendelea kujaa chini kwa chini, mtoto anasinzia na watu wanadhani amepata nafuu. Kama anameza prednisolone, zile dawa za steroidi wanazopewa wenye Duchenne, zisikatishwe ghafla. Moyo wake nao upimwe kila mwaka, moyo pia ni msuli.

Jambo moja la pembeni lakini linakuhusu wewe mwenyewe. Ugonjwa huu mara nyingi, sio zote, mama anakuwa amebeba kasoro yake kwenye vinasaba bila yeye kuumwa, na wewe ni ndugu wa tumbo moja na mama yake. Sio laana na sio kosa la dada yako, naomba huko nyumbani lisisemwe hivyo hata kwa utani. Ila kama bado unazaa, uliza ushauri wa vinasaba ukifika Dar.

Kwa nini sasa wasichangie kifaa hata kingekuwa sahihi? Kwa sababu ndani ya kile kifaa kunabaki unyevu, mate na makohozi, na mmoja ni mtu aliyewahi kuwa na TB ambaye hatujampima upya, mwingine ni mtoto asiyeweza kukohoa na huenda anameza dawa inayopunguza kinga. Hata mswaki hawachangii. Kila mmoja na chake, jina limeandikwa, na mpaka majibu ya makohozi yatoke naomba wasilale chumba kimoja, madirisha yawe wazi.

Nendeni Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, au hospitali ya mkoa ya Ligula, kama Ndanda ni karibu na njia yenu basi Ndanda, pigeni simu kwanza muulize siku ya kliniki na kama spirometa inafanya kazi, nauli ya kutoka Tandahimba sio ya kuchezea. Mzee aje na eksirei zote za zamani, kadi ya TB na daftari la miti. Mtoto mumlete asubuhi kabla hajala, aje na mtu yule anayelala naye chumba kimoja, maana maswali yangu mengi ni ya usiku na yeye ndo mwenye majibu.